Miche Mia Tatu: Kudumu na Subira Hadi Deni Liishe

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa nyumba huwa na furaha. Karo imepatikana, dawa za mzazi zimenunuliwa, binti ameolewa kwa heshima na jamaa wamekula biriani wakashiba. Siku za kulipa huja baadaye, wakati wageni wamekwisha kwenda zao, na mwenye deni hubaki nalo peke yake. Tena siku hizo huwa nyingi. Harusi ni ya siku tatu; deni lake laweza kuwa la miaka mitatu.

Makala haya yanamhusu mtu wa umri wa makamo aliye katika hali hiyo. Kijana wa miaka ishirini akidaiwa hujipa moyo kwamba maisha bado yako mbele. Mtu wa miaka arobaini na minane hana faraja hiyo. Watoto wako sekondari na chuoni, wazazi wamezeeka na wanamtegemea, na mwili wake mwenyewe umeanza kudai haki yake. Anajua kwamba lazima alipe, na pengine anajua hata atalipa kiasi gani. Asichokijua ni atapata wapi moyo wa kulipa mwezi baada ya mwezi ilhali haoni mwisho. Fedha ya kulipia deni twaizungumza kila siku. Moyo wa kulipia deni hatuuzungumzi, na huo ndio hukatika kwanza.

Deni la Salman

Salman al-Farisi (R.A.) alitoka Uajemi akiitafuta dini ya haki, akauzwa utumwani, hata akajikuta Madina akitumika katika mitende ya bwana wake. Aliposilimu alikuwa bado mtumwa, na kwa sababu hiyo vita vya Badr na Uhud vilimpita. Mtume (S.A.W.) akamshauri aandikiane na bwana wake, yaani ajikomboe kwa malipo. Bwana yule akataka apandiwe miche 300 ya mitende, na juu yake apewe uqiya 40 za dhahabu.

Mtu asiyemiliki hata mche mmoja anadaiwa miche 300! Kisa hiki, alichokisimulia Salman mwenyewe na kikapokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, chatuonyesha deni hilo lilivyomalizwa. Mtume (S.A.W.) aliwataka masahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja akaja na miche 30, mwengine 20, mwengine 15, mwengine 10, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, hadi ikatimia 300. Salman akachimba mashimo, wenzake wakimsaidia, kisha Mtume (S.A.W.) akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Ikabaki dhahabu. Nayo ilipopatikana, ikalipwa, na Salman akawa huru. Vita vya Khandaq, katika mwaka wa 5 Hijria, vilimkuta akiwa muungwana miongoni mwa waungwana.

Tukikitazama kisa hiki kwa jicho la mwenye kudaiwa, twaona mambo matatu. Deni liliandikwa. Deni liligawanywa. Na deni lilijulikana na watu waliomtakia mwenye nalo kheri. Mwenye kukosa matatu haya hulipa kwa uchungu mwingi, na mara nyingi huishia njiani.

Lililoandikwa na lililofichwa

Bi. Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya sala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa deni humwingiza mtu katika uongo na katika kuvunja ahadi. Tuzingatie kwamba madhara aliyoyataja ni ya ulimi kabla ya kuwa ya mfuko. Nani miongoni mwetu asiyemjua mama anayezunguka uchochoro wa nyuma ili asipite mbele ya duka analodaiwa? Simu hulia akaiacha ilie. Mdai akibisha hodi, mtoto hutumwa aseme kwamba mama ametoka. Mama huyu si mwovu. Ni mtu aliyechoka, na kila siku anatumia nguvu nyingi kulificha deni kuliko nguvu anazotumia kulilipa.

Dawa ya kwanza imo katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Wengi wetu tumeifahamu aya hii kuwa ni kinga ya mdai asidhulumiwe, na ni kweli. Lakini ndani yake mna jambo la kumtia nguvu mdaiwa pia: anayetoa imla, mwandishi akaandika, ni yule mwenye kudaiwa. Yeye ndiye anayelitamka deni lake kwa ulimi wake, pasi na kulipunguza. Hii ni heshima aliyopewa. Aliyelitamka deni lake hajifichi tena.

Basi, dada yangu, nunua daftari la shilingi chache. Baada ya sala ya Isha, watoto wakilala, andika kila unayedaiwa naye: jina, kiasi, sababu na tarehe mliyoagana. Usiruke hata deni la shilingi mia mbili za maziwa. Usiku huo utakuwa mzito, kwani jumla yake huenda ikazidi ulivyodhani. Hata hivyo, deni lisilo na hesabu ni kama giza; huwezi kujua ukubwa wake. Lenye hesabu lina mwanzo na mwisho.

Majina sita katika daftari

Tuchukue mfano wa mama anayeshona nguo na kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Daftari lake lina majina sita. Duka la mtaani, shilingi 4,200. Mkopo wa simu, 6,800. Muuza vitambaa, 18,000. Karo iliyobaki shuleni, 35,000. Kikundi cha akina mama, 26,000. Ndugu yake aliyemkopesha kwa harusi ya binti, 90,000. Jumla ni shilingi 180,000. Akibana sana aweza kutenga shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 36.

Aanze wapi? Kwanza auzibe mlango wa riba. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mkopo umekuwa jambo la kubonyeza simu tu, na wepesi huo umetupofusha tusione gharama yake. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mwenye kukopa shilingi 4,000 kwa ada kama hiyo hulipa 300. Akilipa leo akakopa tena kesho, mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 3,600, na zile 4,000 bado anadaiwa. Huku ni kuteka maji kwa pakacha. Licha ya dhambi ya riba ambayo kila Muislamu anaijua, hakuna kinachovunja moyo kama kulipa mwaka mzima pasi na deni kupungua hata shilingi.

Baada ya hapo, amalize madogo, ila ikiwa kuna mdai ambaye muda wake umefika na anahitaji haki yake. Mkopo wa simu na duka la mtaani ni shilingi 11,000. Kabla mwezi wa tatu kwisha, majina mawili yamefutwa. Akimwendea muuza vitambaa, mwezi wa sita jina la tatu lafutwa pia. Kwa hesabu ya shilingi bado anadaiwa 150,000, na mtu aweza kusema hajafika popote. Lakini moyo hauhesabu kama mfuko. Mfuko huhesabu shilingi; moyo huhesabu majina. Nusu ya watu waliokuwa wakimtia hofu barabarani sasa anawaamkia kwa uso mkunjufu. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye shoka hupata nguvu aonapo vibanzi chini.

Mwaka wa pili

Ugumu wa kweli haumo mwanzoni. Mwanzoni kuna ari, na mwishoni kuna furaha. Mtihani ni mwaka wa pili, pale madogo yamekwisha na yamebaki makubwa yasiyoonekana kupungua. Hapo ndipo mtu husema: "Nimejinyima kiasi hiki, na bado?" Kisha hununua jambo kubwa kwa mkopo mpya ili ajiliwaze.

Yako mambo yanayosaidia kuuvuka mwaka huo. La kwanza ni kuligawa deni kubwa liwe madeni madogo. Zile 90,000 za ndugu ziandikwe mistari kumi na minane ya 5,000, na kila mstari ukilipwa ukatwe kwa wino. Bi. Barira (R.A.), aliyeandikiana na mabwana zake kwa uqiya tisa, alipangiwa uqiya moja kila mwaka. Malipo ya kidogo kidogo hayana aibu.

La pili ni kuikubali miezi migumu kabla haijafika. Ramadhani na Idd zajulikana, na shule zikifunguliwa karo yajulikana. Mwenye kupanga kulipa 2,000 katika miezi hiyo, akalipa 2,000, ametimiza ahadi. Mwenye kupanga 5,000 akalipa 2,000 hujiona ameshindwa, ilhali fedha ni ile ile. Kama miezi 36 itakuwa 42, na iwe.

La tatu ni kutoizima furaha yote ya nyumba. Watoto wakumbuke miaka hii kwa mahamri ya moto na matembezi ya ufuoni siku ya Idd, wasiikumbuke kwa ukali wa mama. Nguo ya Idd aliyoishona mama mwenyewe ni nguo ya Idd. Sherehe za jamaa twaweza kuzihudhuria kwa sare ya mwaka jana, na anayecheka atacheka siku moja.

La nne ni nia. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mwenye kuchukua mali ya watu kwa nia ya kuilipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Kila mwezi unapoitoa sehemu yako, itoe kwa nia hiyo, kama unavyonuia ibada. Na mwezi uliokosa kabisa usikufanye uache. Anayeanguka katika sala husimama akaendelea kuswali.

Hapandi mmoja miche 300

Salman hakuificha haja yake, na sisi tusijifiche kwa wale wanaostahiki kujua. Wa kwanza ni mume au mke. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake, wala halazimiki kulipa deni la mumewe. Akisaidia, hiyo ni hisani yenye ujira mkubwa. Na waume nao wakumbuke kwamba mahari yaliyobaki ni deni, nayo yaandikwe katika daftari pamoja na mengine.

Wa pili ni mdai mwenyewe. Mwendee kabla hajakujia. Mwambie kiasi unachoweza na siku utakayoleta, kisha uilete. Naye mdai ameelekezwa na aya ya 280 ya sura hiyo hiyo ampe muda aliyebanwa, na akisamehe ni bora zaidi kwake. Ila mwenye uwezo anayechelewesha haki ya watu kwa makusudi huyo amedhulumu, na aya hii si maficho yake.

Kwa wale wanaotishwa na wakopeshaji wa simu, jueni kwamba kanuni za mwaka 2022 zinawataka wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na zinawakataza kutumia vitisho, matusi au kuwapigia jamaa na marafiki ili kumwaibisha mdaiwa. Deni hulipwa, lakini heshima ya mtu haikuwekwa rehani.

Wa tatu ni jamii. Wenye kulemewa na madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, kama ilivyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Mwendee imamu au kamati ya zaka ya msikiti wako, na daftari lako mkononi. Na sisi tusiodaiwa leo tujiulize: je, jirani akituhitaji tutaleta miche 30, au 10, au tutaleta masimango?

Daftari la kuacha nyuma

Katika umri wa makamo mtu huanza kufikiria atakachowaachia watoto. Sheria ya mirathi imekwisha pangwa: baada ya gharama za maziko, deni hulipwa kwanza, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Kila jina unalolifuta leo ni mzigo unaoutua begani mwa mwanao. Na daftari lililoandikwa vyema, hata kama halijaisha, litawaepusha na ugomvi wa nani alidai nini.

Usiku wa leo, basi, baada ya Isha, tafuta kalamu. Usiitazame miche yote 300. Chimba shimo moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, awafungulie wenye dhiki, na atujaalie tuondoke duniani bila ya haki ya mtu shingoni mwetu. Amin.