Kutambua Dalili za Saratani za Ngozi Zisizo Melanoma: Mfano wa Watu Wenye Ualbino Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Saratani za ngozi zisizo melanoma huanzia katika seli za tabaka la juu la ngozi, tofauti na melanoma ambayo huanzia katika seli zinazotengeneza rangi. Aina zake kuu ni mbili: saratani ya seli za msingi na saratani ya seli bapa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, aina ya kwanza ndiyo inayoonekana zaidi. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, tafiti nyingi zimebaini kuwa aina ya pili ndiyo inayotawala. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa saratani ya seli bapa inaweza kusambaa hadi kwenye tezi za limfu na kusababisha kifo, ilhali ile ya seli za msingi husambaa kwa nadra sana. Makala hii inafafanua ishara za aina hizo mbili pamoja na sababu zinazofanya zitambuliwe kwa kuchelewa.

2.0 Mabadiliko yanayotangulia saratani

Ngozi isiyo na melanini ya kutosha huanza kudhurika tangu utotoni. Mabaka makavu hujitokeza usoni, masikioni, shingoni na nyuma ya viganja. Mara nyingi baka la namna hii hutambuliwa kwa kupapasa kabla ya kuonekana kwa macho, kwani hukwaruza kidole kama msasa. Midomo, hasa wa chini, hukauka na kupasuka mfululizo. Si kila baka huwa saratani. Hata hivyo, linaloanza kunenepa, kuuma au kuwa gumu kwenye kitako chake linahitaji kuchunguzwa.

3.0 Ishara za saratani yenyewe

3.1 Saratani ya seli bapa

Aina hii huonekana kama kinundu kigumu chenye magamba, au kidonda chenye kingo nene zilizoinuka, kinachotoka damu kwa kuguswa kidogo. Hukua kwa wiki au miezi. Tezi zilizovimba shingoni au kwapani huashiria uwezekano kwamba ugonjwa umesambaa.

3.2 Saratani ya seli za msingi

Aina hii hukua polepole. Huanza kama kinundu laini kinachong'aa mithili ya lulu, chenye vimishipa vya damu juu yake. Baadaye katikati yake hubonyea, hutoka damu, hufunga kigaga, kisha huchimbika tena. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kinundu hicho huweza kuwa na rangi ya kahawia au nyeusi, na hivyo kudhaniwa kuwa baka la kuzaliwa.

4.0 Kwa nini dalili hupuuzwa

Sababu ya kwanza ni mzunguko wa kigaga. Kigaga kinapofunga, mgonjwa huamini kuwa amepona. Kinapobanduka, huhesabu kuwa ni jeraha jipya. Sababu ya pili ni jina. Kidonda kisichopona huitwa donda ndugu, na jina hilo hukiweka katika kundi la vidonda vya kuoshwa na kufungwa bandeji tu. Hatari hii huwahusu pia watu wasio na ualbino, kwani saratani ya seli bapa huweza kuota juu ya kovu la moto au kidonda cha mguu cha miaka mingi. Sababu ya tatu ni wingi wa mabaka: katika ngozi iliyokwisha kuunguzwa na jua, baka moja lililobadilika hupotea miongoni mwa mengi.

Kwa hiyo, swali la msingi kwa mhudumu wa afya ni kidonda kimedumu kwa muda gani. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa bila sababu ya wazi kinapaswa kukatwa kipande na kupimwa maabara.

5.0 Hitimisho

Kinundu kidogo huondolewa kwa upasuaji mdogo na mgonjwa hupona. Kikiachwa, huhitaji upasuaji mkubwa au tiba ya mionzi inayopatikana katika vituo vichache, kama vile Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Watu wenye ualbino wamekuwa wakifika hospitalini na uvimbe mkubwa wakiwa na umri wa miaka ya 20 na 30. Mjini Moshi, ambako losheni ya kukinga jua ya Kilisun ilianza kutengenezwa, kinga na uchunguzi wa ngozi vimeunganishwa. Mwelekeo huo ndio unaofaa, kwani losheni haiondoi baka lililokwisha kugeuka.