Rupia ya Mjerumani na Bei Zake Mbili

Sarafu ya zamani ya fedha ina bei mbili. Moja ni ya madini, na yeyote mwenye mizani ya sonara anaweza kuipigia hesabu. Nyingine ni ya wakusanyaji, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapolizwa.

Chukua rupia iliyotumika Tanganyika zama za Wajerumani. Uzito wake ni gramu 11.66, na asilimia 91.7 ya uzito huo ni fedha, yaani fedha tupu ipatayo gramu 10.7. Zidisha kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo, nawe umepata sakafu: chini ya hapo muuzaji anayejua hesabu hashuki. Kupanda juu ya sakafu kunahitaji sababu, na zile hadithi za rupia yenye nguvu za ajabu inayotafutwa kwa mamilioni si sababu. Anayekuja nazo mwache aende zake.

Sababu ya kweli ya kwanza ni mwaka. Rupia za 1890 hadi 1902 zilitolewa kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nazo zina simba na mti wake. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ilitoa zake, zenye alama ya herufi moja: A kwa zilizopigwa Berlin, J kwa za Hamburg. Kubwa za rupia mbili, za 1893 na 1894, ni adimu na hutafutwa hata zikiwa zimechakaa. Kwa sababu hiyohiyo, ukiletewa moja kwa bei ya kutupa, shika mizani kabla ya pochi.

Sababu ya pili ni hali ya uso, na hapa sitaharakisha. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70 alichobuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 sarafu haijawahi kupita mikononi mwa watu sokoni. 40 imetumika kidogo. 20 imetumika kiasi ila maandishi yote yanasomeka. Kwenye rupia tazama chapeo ya Kaiser Wilhelm II. Juu yake kuna tai. Tai huyo, shavu na sharubu vimeinuka kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ndivyo vinavyoanza kulika. Manyoya ya tai yakiwa bado yanahesabika kwa lenzi, una sarafu nzuri. Yakiwa yameyeyuka kuwa kivimbe kimoja, usikubali kuambiwa "mpya kabisa", hata kama herufi za pembezoni zimesimama wima.

Kisha igeuzegeuze chini ya taa moja. Mng'ao wa asili hutembea juu ya uso kadiri unavyoinamisha sarafu. Iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu hung'aa kote sawasawa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa, na lenzi itaonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Kampuni za Marekani za kupanga madaraja, PCGS na NGC, huinyima sarafu ya namna hiyo namba ya kawaida. Badala yake huandika kwamba imesafishwa. Mimi huona weusi wa miaka mia ni afadhali mara kumi, na huumia kuwaona wauzaji wakiusugua ili wapate bei, kumbe wanaifukuza.

Bei yenyewe itafute katika minada iliyokwisha, kwa sarafu ya mwaka huohuo, herufi ileile na hali ileile. Bei iliyobandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji tu.

Sarafu nyingine ya zamani ya fedha, reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ina mtego wake. Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo Vienna, London, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20, na Vienna haijaacha. Kwa hiyo tarehe pekee haiongezi senti. Iliyo halali ina gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, yaani kama gramu 23.4 za fedha tupu. Nyingi za pwani zilitobolewa au kuchomelewa kikuku cha mkufu; hizo wape wapenda mapambo, au zilipie kwa bei ya madini na usiongeze kitu.