Toboa taili bila kuipasua
Unataka kutundika kioo bafuni, na nyumba ni ya kupanga. Taili moja ikipasuka, landilodi anakata dipoziti. Sisi tulipasua mbili kabla ya kujua shida ni hama: drili ilikuwa inagonga. Zima hama hadi upite taili ufike kwa ukuta. Bandika selotepu ya karatasi ncha isiteleze, anza polepole, usisukume. Poza kwa maji, lakini matone tu, drili ni ya stima! Taili za kawaida zinataka ncha ya mkuki. Poselini, ya almasi. Ukimwita fundi, muulize ana ncha gani. Tuma pesa ya vifaa kwanza, ya kazi ukishaona shimo, na usome jina kabla ya kuweka PIN.