Je, Wajua? Musi, mnyama anayehama kwa kupima theluji

Nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara hufuata mvua. Kaskazini ya mbali, Uswidi, Norwe, Kanada na Alaska, yupo mnyama anayepanga safari zake kwa kina cha theluji. Anaitwa musi, na Waswidi humwita älg.

Je, wajua kwamba musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya ayala? Dume wa Alaska huweza kupita kilo 600, na mabega yake hufikia kimo cha mita 2. Hata hivyo, akipandishwa kwenye mizani na pofu dume wa mbuga zetu, ushindi si wake moja kwa moja: pofu mkubwa huweza kumzidi uzito.

Je, wajua tofauti ya pembe zao? Pofu, swala na kuro hufa na pembe walizoota utotoni. Musi dume huangusha zake kila msimu wa baridi, kisha huota mpya kwa miezi michache tu, na zikikomaa huweza kupita mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha.

Je, wajua kwamba jina lake la Kiingereza limetoka katika lugha za Waalgonkini, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini? Linahusishwa na tabia yake ya kubambua magome ya miti.

Je, wajua kwamba, kama ng'ombe na mbuzi, musi hana meno ya mbele juu? Wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika, hukwanyua vijiti vya miti, na chakula chake kikubwa Uswidi ni miche ya misonobari. Msitu huo huo ndio unaowapa watu mbao na karatasi. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Je, wajua kinachomfanya ahame? Si baridi, maana baridi anaiweza. Ni theluji. Ikifika kina cha sentimita 70 hivi, hata miguu yake mirefu huanza kukwama, na kila hatua humgharimu nguvu ambazo vijiti havizirudishi. Hapo hushuka kutoka milimani kwenda mabondeni, kwenye theluji haba. Majira ya kuchipua yakifika, hupanda tena akifuata majani machanga. Kaskazini mwa Uswidi wapo wanaotembea zaidi ya kilomita 100 kwenda tu.

Je, wajua kwamba si wote wanaohama? Katika eneo moja, huyu huondoka na yule hubaki. Ndama hukaa na mama yake karibu mwaka mzima, hivyo huijua njia kwa kuitembea nyuma yake. Mama akikaribia kuzaa tena, humfukuza akajitegemee.

Je, wajua kwamba watu waliijua njia hiyo kabla ya kuwapo ramani? Misitu ya kaskazini mwa Uswidi ina maelfu ya marima, yaani mashimo ya kutegea, yaliyochimbwa kwa safu kukata mapito ya musi. Baadhi yana umri wa maelfu ya miaka. Sheria iliyapiga marufuku mwaka 1864.

Je, wajua kwa nini kumsimamia mnyama anayehama ni kazi ngumu? Septemba, msimu wa uwindaji unapofunguliwa kaskazini, musi bado wako nyanda za juu, na wenye ardhi huko ndio wanaopata nyama. Miezi michache baadaye kundi lile lile liko bondeni, kwenye shamba la miti la mtu mwingine. Mmoja anakula musi, mwingine analiwa miche. Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 Uswidi imegawa nchi katika maeneo mapana ya usimamizi, kila moja likikusudiwa kubeba kundi lake la musi, na wenye misitu hukaa meza moja na wawindaji kupanga mgao wa musi wa kuwindwa.

Je, wajua wanawahesabuje? Wawindaji huandika kila musi waliyemwona siku za mwanzo za msimu. Watafiti huhesabu marundo ya kinyesi msituni, huruka na helikopta, na huwavisha baadhi yao kola zenye GPS. Wengine hukagua miche iliyong'atwa, kwa sababu mti nao hutoa ushahidi.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 Waswidi waliwinda musi zaidi ya 170,000 kwa mwaka mmoja? Ukataji wa misitu ulikuwa umeacha maeneo makubwa ya miti michanga, yaani karamu kwa musi, na idadi yao ikafumuka. Mpaka leo mgao huhusisha ndama wengi, ili majike wazazi wasalie.

Je, wajua kwamba sheria ya Uswidi humtaka mwindaji wa musi awe na mbwa aliyefunzwa kufuatilia, anayeweza kufika ndani ya saa 2 mnyama akijeruhiwa?

Je, wajua kwa nini kumgonga musi kwa gari ni balaa? Bampa hukata miguu, na kiwiliwili kizima huja juu ya kioo cha mbele. Madereva wa Oman wanaojua ajali za ngamia hawahitaji maelezo zaidi. Barabara kuu nyingi za Uswidi zina uzio, pamoja na vivuko vya wanyama juu au chini ya lami.

Je, wajua kwamba Alaska, musi akifa kwa kugongwa na gari, nyama haitupwi? Ni mali ya jimbo, na hupewa mashirika ya hisani au watu waliojiandikisha.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 mabango katika Hifadhi ya Jasper, Kanada, yaliwaonya wageni wasiwaache musi walambe magari yao? Hufuata chumvi, yenye sodiamu, inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Majira ya joto huipata sodiamu kwenye mimea ya majini, na huweza kupiga mbizi kuifuata.

Je, wajua kwamba musi 4 walioachiwa katika kisiwa cha Newfoundland mwaka 1904 wameacha kizazi cha zaidi ya 100,000? Mbwa mwitu wa kisiwa hicho walitoweka, na musi wakabaki bila adui wa kutisha. Walikula miche hadi misitu ikashindwa kujirudishia, na mwaka 2011 uwindaji uliruhusiwa hata ndani ya hifadhi za taifa za Gros Morne na Terra Nova.

Je, wajua kwamba kupe humwangusha jitu hili? Kaskazini mashariki mwa Marekani musi mmoja huweza kubeba makumi ya maelfu ya kupe. Theluji ikichelewa, kupe hupata muda mrefu zaidi wa kumdandia, na ndama wengi hawafiki mwisho wa msimu wa baridi.

Je, wajua, mwisho, kwamba safari yenyewe huoneshwa kwenye televisheni? Tangu mwaka 2019, kila majira ya kuchipua, kituo cha SVT cha Uswidi hurusha moja kwa moja, usiku na mchana kwa wiki kadhaa, picha za musi wakiogelea kuvuka mto Ångerman. Mara nyingi hakuna kitu ila mto na miti, na watu hawabanduki. Mwaka 2025 matangazo yalianza tarehe 15 Aprili, wiki moja kabla ya siku iliyopangwa: joto lilikuwa limewahi, na musi walikwisha kuondoka.