Picha ya Nta

Wakatekista wetu wa Kisangani huulizwa mara nyingi: «Mbona mwaabudu sanamu?» Tutazame mfano mmoja. Katika monasteri ya mlima Sinai kuna picha ya Bwana wetu Yezu Kristu ya karne ya 6. Mchoraji alichanganya rangi na nta ya nyuki iliyoyeyushwa (nyuki wa msitu wetu pia hutoa nta), akaipaka ubaoni ingali moto. Upande mmoja wa uso ni mpole, wa pili mkali. Aliyechora hivyo alikuwa amesali, ndivyo tunavyoona sisi. Makaisari wa Konstantinopoli walipovunja sanamu katika karne ya 8, Sinai ilikuwa nje ya utawala wao, picha ikapona. Mtakatifu Yoane wa Damasko aliwajibu: Mungu aliyetwaa mwili aweza kuchorwa. Mwaka 787 Mtaguso wa Nisea ukakubali: ubao hauabudiwi, heshima humwendea yule aliyechorwa.