Duka linafungwa Uingereza: rafu za chuma ziuzwe kama rafu au kwa kilo?

Bidhaa za duka linalofungwa huondoka zenyewe. Ukiandika punguzo la nusu bei mlangoni, hata pakiti ya mwisho ya bizari itapata mtu. Zinazobaki ni rafu za chuma. Zimesimama ukutani na katikati ya duka, ndefu, nzito, na kila anayeingia anaziona ila hakuna anayeuliza bei yake. Hapo ndipo mwenye duka anapojiuliza: niziuze kama rafu, au nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu azibebe zote?

Swali hili linawahusu ndugu zetu wengi walioko Uingereza, wenye vijiduka vya unga na vipodozi na pia wanaojitafutia riziki kwa van, kwani kazi za kuhamisha na kusafisha maduka ni sehemu ya kazi zao. Na maduka yanafungwa kweli. Woolworths ilipofunga milango Januari 2009 yalikuwa ni maduka 807. Wilko iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Agosti 2023 ikiwa na maduka kama 400, na kufikia Oktoba mwaka huo yote yalikuwa yamefungwa. Duka kubwa linapokufa namna hiyo, rafu zake zinaingia sokoni kwa wingi, na mwenye duka dogo anayeuza rafu 20 wiki hiyo hiyo anashindana na mlima.

Kabla ya bei, kuna jambo ambalo watu wengi hulirukia: rafu ni zako? Soma mkataba wa pango. Baadhi ya rafu ulizikuta dukani, na mwenye jengo anaweza kudai ni mali yake. Nyingine zililetwa na kampuni ya vinywaji au ya chipsi za pakiti pamoja na nembo yao, na hizo huazimwa tu. Mashine za baridi ndizo zenye mtego zaidi hapo. Kama duka liko chini ya mfilisi, usiguse hata msumari bila karatasi yake.

Sasa hesabu. Rafu za dukani huuzwa kwa seti. Seti moja ni nguzo mbili, mabati ya mgongo, miguu ya chini na rafu zake, na hapa Uingereza upana wa kawaida ni mita 1 au mita 1.25. Tuchukulie duka lenye seti 20, kila moja kilo 50. Hiyo ni tani moja. Tuseme yadi inakupa pauni 120 kwa tani. Bei hupanda na kushuka kila wiki, kwa hiyo piga simu yadi mbili au tatu siku hiyo hiyo. Kwa kilo basi, kila seti ina thamani ya pauni 6. Ukiuza kama rafu kwa pauni 25 kila seti, unapata 500. Tofauti ni pauni 380, na kwa mtu anayefunga duka na madeni mkononi, hizo si hela za kuchezea.

Lakini hesabu hiyo haina tarehe ndani yake. Kama pango lako ni pauni 1,400 kwa mwezi, kila siku inakula pauni 46. Siku 8 za kungoja wateja wa rafu, wale wanaosema watakuja Jumamosi na hawaji, zinakaribia kumaliza zile pauni 380. Siku ya tisa unajilipisha mwenyewe. Kwa maoni yetu uamuzi huu hautokani sana na chuma chenyewe. Unatokana na siku zilizobaki kwenye mkataba. Mwenye wiki sita auze. Mwenye siku tano aite gari la vyuma chakavu, hata kama roho inamuuma.

Na kuchelewa kunaweza kugharimu zaidi ya pango la wiki. Mikataba mingi ya biashara inamruhusu mpangaji kuvunja mkataba katikati kwa sharti la kurudisha jengo likiwa tupu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya England iliamua kesi kati ya Riverside Park na NHS Property Services. Mpangaji alikuwa ameondoka lakini akaacha kuta nyepesi za kugawanya ofisi, makabati ya jikoni na vitu vingine. Mahakama ikasema kuta zile ni mali inayohamishika, jengo halikurudishwa tupu, kwa hiyo mkataba haukuvunjika. Yaani pango likaendelea kudaiwa. Rafu zinazosimama kwa miguu yake bila kuchimbiwa ukutani zina sifa hiyo hiyo ya kuhamishika. Ukiziacha kwa kudhani unamfanyia mwenye jengo hisani, unaweza kuwa umejifunga. Kama yeye anazitaka, akuandikie, na aandike kabla ya tarehe.

Tuseme muda upo. Rafu gani inauzika? Cha kwanza ni ukamilifu wa seti. Vishikizi vinavyoning'iniza rafu kwenye nguzo hupotea kwanza, na rafu isiyo na vishikizi ni bati tu. Cha pili ni mtengenezaji. Mashimo ya nguzo hayalingani kati ya kampuni na kampuni, na meno ya rafu ya huku yanaweza kukataa kuingia kule, au yakaingia bila kukamata vizuri, jambo ambalo ni baya zaidi maana rafu itaanguka siku ikishapakiwa mafuta ya kupikia. Tafuta nembo iliyogongwa kwenye chuma, iandike kwenye tangazo pamoja na urefu, upana na kina kwa sentimita. Mnunuzi makini anayetaka kuongezea rafu alizonazo hapigi simu kwa tangazo linalosema tu "rafu nzuri za duka".

Kosa linaloumiza wauzaji wengi ni kuuza vipande vipande, na hapa inafaa kukaa kidogo. Seti zilizosimama kwenye mstari mmoja hushirikiana nguzo. Mstari wa seti 10 hauna nguzo 20, una nguzo 11. Akija mtu wa kwanza akanunua seti 3 anaondoka na nguzo 4. Wa pili seti 3, nguzo 4. Umebaki na rafu za seti 4 lakini nguzo ni 3, zinazosimamisha seti 2 tu. Rafu za seti mbili zilizobaki zinakwenda kwa kilo. Kwa hiyo uza mstari mzima, au hesabu nguzo kabla ya kukubali bei, na anayetaka seti chache alipie zaidi.

Zilizopinda nguzo, zilizoliwa na kutu miguuni kwa maji ya kudeki, na rafu zilizobonyea katikati hazina mjadala. Peleka kwa kilo. Ukimuuzia mtu nguzo iliyopinda kwa pauni 5 unamuuzia ajali. Rafu kubwa za ghala za kubebea paleti ni habari nyingine kabisa. Hizo zina utaratibu wa ukaguzi wa chama cha watengenezaji, SEMA, unaotumia rangi ya kijani, njano iliyokolea na nyekundu, na iliyotiwa nyekundu hupakuliwa mzigo mara moja.

Kwa upande wa vyuma chakavu, England na Wales zina sheria ya mwaka 2013 ambayo kila mwenye van aijue. Mnunuzi wa vyuma chakavu lazima awe na leseni ya halmashauri, lazima ahakikishe jina na anuani ya muuzaji, na haruhusiwi kulipa taslimu. Malipo ni kwa benki au hundi. Anayekuja mlangoni na noti mkononi anavunja sheria mbele yako, na rafu zako zikikutwa zimetupwa kichakani, jina la duka lililobandikwa juu yake ni lako. Mdai karatasi ya kukabidhi taka na uitunze miaka miwili. Na wewe mwenye van, ukibeba taka za biashara ya mtu mwingine unatakiwa uwe umejisajili kama mbebaji wa taka. Usikubali kazi ya "bure bora utoe tu" bila usajili huo.

Chuma hicho hakipotei. Sehemu kubwa ya vyuma chakavu vya Uingereza hupelekwa nje, Uturuki ikiwa mteja mkubwa. Huko Port Talbot, Wales, tanuru la mwisho la kuyeyusha mawe ya chuma lilizimwa Septemba 2024, na tanuru la umeme linalokuja mahali pake litakula chuma chakavu.

Wapo watakaouliza: kwa nini nisizipakie kwenye kontena niende nazo nyumbani? Rafu zikifunguliwa hulala bapa na huchukua nafasi ndogo, kwa hiyo kwa anayelipia ujazo nauli ya meli haitishi sana. Kinachotisha ni bandarini. Kuanzia Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki ziliweka ushuru wa juu wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa, samani zikiwemo, na juu yake ipo VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Forodha nao wana makadirio yao ya thamani, si lazima wakubaliane na risiti yako ya pauni 25. Muulize wakala wa forodha kabla hujafungua skrubu ya kwanza. Ukumbuke pia kwamba fundi wa kuchomelea Mombasa au Dar es Salaam anatengeneza rafu kwa kipimo cha duka lako, na nyumbani nako maduka makubwa huanguka. Wadai wa Nakumatt walipiga kura kuifunga Januari 2020. Kwa mwenye duka lake mwenyewe kule na kontena lenye nafasi, inaweza kufaa. Kwa biashara ya kuuza, hatuoni faida yake.

Anayeamua kuuza aanze wiki ya kwanza baada ya kutoa taarifa ya kuondoka. Apige picha rafu zikiwa zimesimama na bidhaa zipo, maana rundo la mabati sakafuni halimvutii mtu. Bei iwe ya mnunuzi anayefungua na kubeba mwenyewe. Vishikizi viwekwe kwenye ndoo moja yenye kifuniko. Na gari la vyuma chakavu liwekewe miadi mapema, siku tatu kabla ya kurudisha funguo, libebe chochote kitakachokuwa kimebaki siku hiyo.