Karani Akikwama, Amwite Nani?

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kukusanya taarifa kwa vishikwambi. Wengi tunakumbuka matokeo yake, watu 61,741,120, yaliyotangazwa Dodoma Oktoba 31 mwaka huohuo. Kwangu mimi ninayefuatilia miradi ya TEHAMA, la kujifunza zaidi ni jinsi uongozi ulivyopangwa hadi kumfikia karani aliyepita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Kigera, hapa Musoma.

Juu ya karani kulikuwa na wasimamizi wa aina mbili: wa maudhui na wa TEHAMA. Mgawanyo huo unaonekana mdogo, lakini ndio uliobeba kazi. Chukua kaya ya mvuvi. Baba alikuwa ziwani usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ahesabiwe au aachwe? Hilo ni swali la maudhui, na jibu lake ni kwamba anahesabiwa na kaya yake, sawa na mlinzi au muuguzi aliyekuwa zamu. Kaya ya pili, kishikwambi kinaganda katikati ya mahojiano. Hapo anayetakiwa ni mtu mwingine kabisa. Karani asiyejua amwite nani atabahatisha: atamruka mvuvi, au atazima na kuwasha kifaa mpaka mama mwenye nyumba achoke kusubiri, arudi kuanika dagaa wake. Dodoma haitaliona kosa hilo. Itapokea idadi pungufu ikidhani imekamilika.

Tusimsahau mwenyekiti wa mtaa. Hakuhitaji kuijua programu. Alihitajika kumtambulisha karani ili mlango ufunguliwe. Kamisaa wa Sensa, Spika mstaafu Anne Makinda, alifanya kazi ya aina hiyohiyo kwa taifa zima, kuwaeleza wananchi kwa nini wahesabiwe. Huo nao ni uongozi wa mradi wa teknolojia, na bila huo vifaa vyote vingebaki mikononi mwa makarani waliosimama nje ya geti.

Halafu kuna majaribio. Sensa ya majaribio ilifanyika 2021, mwaka mmoja kabla. Kiongozi anayetenga muda wa kujaribu huwapa watu wake ruhusa ya kusema mapema kwamba hapa pana tatizo. Bajeti ikibana, mara nyingi kipengele hiki ndicho cha kwanza kufyekwa, na fundi anayeleta habari mbaya huonekana mkorofi. Akikaripiwa mara moja, safari nyingine atanyamaza, na bosi atalisikia tatizo kwa wananchi.

Baada ya sensa, vishikwambi viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo swali limehamia shuleni. Mkuu wa shule, unapomkabidhi mwalimu kifaa, mwandikie na namba mbili za simu: ya mtu wa kumwuliza kuhusu mfumo, na ya fundi wa kumpigia kifaa kikizima. Kisha pita baada ya wiki moja umwulize nini hakifanyi kazi, na umsikilize mpaka amalize.